Mkono Unaotoka Nyuma ya Ngao

Soma Mathayo 4:5–7, Marko 1:40–44, Waefeso 6:13–17. Je, mwamini anayejikinga na hatari amepungukiwa imani?

Katika Dola ya Rumi, watu waliopigana mbele ya watazamaji viwanjani walivaa kinga ya mkono, kutoka begani hadi karibu na kiganja. Nyingine zilikuwa za kitambaa kinene kilichofungwa kwa kamba za ngozi. Nyingine za vipande vya chuma au shaba vilivyopandana kama magamba ya samaki. Mara nyingi ulivikwa mkono mmoja tu, ule ulioshika upanga. Mwanzoni mwa karne ya 2, baadhi ya askari wa Kaisari Trajan walivikwa vivyo hivyo mkono wa kuume, walipopigana na Wadakia waliokuwa na silaha zilizopinda kama mundu. Mkono wa kushoto ulikaa nyuma ya ngao. Wa kuume ulilazimika kutoka, na mkono unaotoka ndio unaojeruhiwa.

Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa wilayani Bukoba, katika kata za Maruku na Kanyangereko. Watu 9 waliugua na 6 wakafa, akiwemo mhudumu wa afya. Virusi hivyo huambukizwa kwa kugusa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu. Basi glavu na gauni la mikono mirefu vikawa kinga ya mkono unaotoka. Lakini kwa familia iliyozoea kumwosha mpendwa wao kwa mikono yake yenyewe, kuambiwa isimguse kulikuwa msiba juu ya msiba.

Mtu aweza kusema, “Yesu alimgusa mwenye ukoma, mwenye imani havai glavu.” Ni kweli kwamba alimgusa. Hata hivyo, alimtuma mtu yule kwa kuhani akakaguliwe kama torati ilivyoagiza. Tena, hekaluni Yesu alikataa kujitupa chini ili kumjaribu Mungu. Zaidi ya hayo, mkono mtupu hubeba ugonjwa kutoka kitanda kimoja hadi kingine. Glavu humlinda muuguzi, na humlinda pia mgonjwa anayefuata. Kinga ya Mrumi ilimlinda aliyeivaa ili apate kumjeruhi mwenzake. Hii huwalinda wote wawili.

Hata hivyo, kuna kinga nyingine ambayo si kinga. Wazee wa Bukoba na Muleba wanakumbuka miaka ya 1980, UKIMWI ulipoitwa “Juliana.” Wapo waliojitenga na ndugu zao wakisema wanajikinga, ingawa kumshika mgonjwa mkono hakuambukizi. Huko kulikuwa kumwacha mtu afe peke yake.

Tofauti ni hii: kinga ya kweli humwezesha mtu kukaribia, ya uongo humpa sababu ya kukaa mbali. Hakuna aliyevikwa mkono ili abaki nyuma ya ngao. Kwa hiyo swali la kwanza la Mkristo si kama amejikinga, bali kama mkono wake, ukiwa umekingwa, umemfikia mhitaji.

Maswali ya Kujadili
1. Kanisa laweza kuifariji vipi familia isiyoruhusiwa kumgusa marehemu wake?
2. Ni tahadhari zipi zetu zinazotusaidia kuhudumu, na zipi zimekuwa kisingizio?