Elimu kama Amana
Katika wilaya za Mbulu na Hanang nchini Tanzania, ambako watoto wa Wairaqw na wa Wadatoga, kila kabila na lugha yake, hukaa dawati moja na kusoma kwa Kiswahili, shule hufunza zaidi ya mtaala, yaani mpango rasmi wa masomo, kwa kuwa ndiko mtoto anakozoea kushika jembe la shamba la shule na kumwita mgeni ndugu. Mwaka 1967, katika andiko lake Elimu ya Kujitegemea, Rais Julius Nyerere alionya dhidi ya elimu inayomtenga kijana na jamii yake. Hivyo mhitimu, awe muuguzi wa hospitali ya Haydom au Waziri Mkuu, kama alivyokuwa Fredrick Sumaye wa Hanang (1995–2005), hana budi kukiona cheo chake kuwa amana, yaani kitu alichokabidhiwa kwa manufaa ya waliomsomesha.