Je, Ustadi wa Kuimba Humfanya Mtu Kuwa Mwema?

Katika sharika zetu huulizwa mara kwa mara swali moja ambalo kwa sura ni dogo, lakini kina chake ni kirefu. Kijana mwenye sauti njema, aliyeongoza kwaya kwa bidii, ataka kupelekwa chuoni kujifunza muziki miaka mitatu au minne. Wazee wakikutana kushauriana, wengine husema: Kuimba ni kipawa cha Mungu, kipawa hakihitaji shule, na fedha hii yafaa zaidi kwa mabati ya kanisa. Wengine hujibu: Apelekwe, maana muziki mzuri hulainisha moyo, naye atarudi akiwa Mkristo bora kuliko alivyokwenda. Sisi twaona ya kwamba pande zote mbili zina kosa, na kosa la hao wa pili ni la hatari zaidi.

Ili kulieleza jambo hili, twende kwa mawazo mpaka mji wa Leipzig katika nchi ya Ujerumani. Jina lake si geni kwa Walutheri wa Afrika Mashariki, kwa kuwa wamisionari waliofika Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893 walitumwa na chama cha misioni chenye makao yake katika mji huo. Huko ndiko Johann Sebastian Bach alikokuwa mwalimu wa nyimbo katika kanisa la Mtakatifu Tomaso, tangu mwaka 1723 hata alipofariki mwaka 1750.

Mwaka 1843 Felix Mendelssohn, aliyekuwa kiongozi wa okestra kubwa ya mji, alianzisha hapo chuo cha muziki. Mtu mmoja, jina lake Heinrich Blümner, alikuwa ameacha kwa wosia thaler 20,000, ili mfalme wa Saxony azitumie kwa kazi ya sanaa au ya elimu. Naye Mendelssohn akamsihi mfalme zitumike kuwafundisha vijana. Miongoni mwa walimu wa kwanza alikuwamo Robert Schumann, na baadaye walikuja wanafunzi wa nchi za mbali, kama Edvard Grieg wa Norway, aliyesoma huko tangu 1858 hata 1862. Leo chuo kile kina cheo cha chuo kikuu, nacho huitwa kwa jina la mwanzilishi wake. Mbegu ya namna hii imeota hata kwetu, kwa maana katika Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, karibu na Arusha, muziki ni somo la shahada.

Je, mwanafunzi wa chuo cha namna hiyo hufanya nini siku zote? Hurudia mstari mmoja wa wimbo mara nyingi mno, mpaka vidole vitii pasipo kuulizwa. Hufundishwa kupima kwa sikio umbali ulioko kati ya sauti na sauti, na kuandika kwa nota alichokisikia mara moja tu. Hujifunza kuziunganisha sauti nne hata kila moja iwe na njia yake, wala isimezwe na nyingine. Huketi peke yake mbele ya mwalimu, akasahihishwa pasipo kukasirika. Hata kunyamaza hufundishwa, kwa maana mpiga tarumbeta ambaye zamu yake haijafika hana budi kuhesabu kimya chake kwa uaminifu, asije akaingia kabla ya wakati.

Basi wale wazee wa kwanza wamekwisha kujibiwa. Kipawa ni kama shamba lenye rutuba: lisipolimwa huota magugu, na mwenye shamba hana wa kumlaumu. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati chahesabu waimbaji 288 waliofundishwa kumwimbia Bwana. Hawakuambiwa kwamba kipawa chatosha. Naye Martin Luther, aliyeiweka muziki karibu kabisa na theolojia, alitaka walimu wa shule wajue kuimba. Kumtolea Mungu kazi isiyotengenezwa, hali tungaliweza kuitengeneza, si unyenyekevu bali ni uvivu uliovaa kanzu ya unyenyekevu.

Lakini sasa tuwageukie wale wa pili. Mendelssohn alizaliwa mwaka 1809 katika jamaa ya Kiyahudi, akabatizwa mwaka 1816 akiwa mtoto. Mwaka 1829, alipokuwa na umri wa miaka 20, aliongoza huko Berlin maimbo ya Bach juu ya Mateso ya Bwana kama yaandikwavyo na Mathayo, kazi ambayo watu walikuwa karibu kuisahau. Wajerumani wengi wakamrudia Bach kwa mkono wa kijana huyo. Alipofariki huko Leipzig mwaka 1847, mji ulimlilia, na mwaka 1892 ukamsimamishia sanamu mbele ya jumba la muziki. Walakini usiku mmoja wa Novemba 1936, katika siku za utawala wa Hitler, sanamu ile iliondolewa. Kosa lake lilikuwa lipi? Kuzaliwa kwake tu.

Hatusemi ya kwamba chuo ndicho kilichoiondoa. Lakini huo ulikuwa mji wa namna gani? Ulikuwa mji uliojaa masikio yaliyofundishwa: wapiga kinanda, walimu wa muziki, waimbaji, na wasikilizaji waliozoea tangu utoto kutambua kosa dogo kabisa katika wimbo. Tangu mwaka 1933 wanamuziki wa Kiyahudi walikuwa wakifukuzwa kazini katika nchi nzima. Kwaya ikiimba na besi ikanyamaza ghafula, hata mtoto husikia ya kwamba kuna upungufu. Je, masikio hayo hayakusikia ya kwamba kuna sauti zimeondolewa? Yalisikia. Lakini wengi waligeuza ukurasa wakaendelea kuimba, na nyimbo za Bach ziliendelea kuimbwa kanisani vile vile. Meya wa mji, Carl Goerdeler, hakuwapo usiku ule. Sanamu ilipokosa kurudishwa, alijiuzulu, na mwaka 1945 aliuawa kwa sababu ya kuipinga serikali ile. Yeye alikuwa mwanasheria, wala si fundi wa muziki, naye alikuwa na makosa yake. Hata hivyo kimya kile kilimchoma.

Kwa nini ustadi mwingi namna ile haukuwaokoa watu? Sisi twafikiri ni kwa sababu kufundisha mkono si kuyafundisha mapenzi. Saburi, usikivu na utii wa chuoni ni vitu vyema, lakini ni kama kisu kikali: hukata mkate wa mwenye njaa, na hukata vilevile kamba ya ngalawa ya jirani. Chuo hukinoa kisu, wala hakichagui mkono wa kukishika. Mtume Paulo alikwisha kutuonya ya kwamba hata usemi wa malaika, usipokuwa na upendo, ni kelele ya shaba.

Tena tusiwahukumu wale kama kwamba sisi ni bora. Je, hatujaona kwaya yenye sauti tamu ikimfukuza mjane kwa sababu ya kabila lake, au ikikataa kuimba pamoja na kwaya ya jirani kwa wivu? Na sisi tuliokaa kitini tukaendelea kusikiliza, tulikuwa nani?

Basi shauri letu ni hili. Kijana apelekwe, na mabati yangoje. Lakini tusimpeleke kwa kudhani ya kwamba chuo kitatufanyia kazi iliyo yetu. Chuo kitampa sikio. Usharika na umwonyeshe sikio hilo ni la nani. Naye akirudi, pamoja na kumwuliza kama amejua kuongoza sauti nne, tumwulize pia: Ndani ya usharika huu, ni sauti ya nani usiyoisikia? Akiweza kujibu, akaenda mpaka nyumbani kwake huyo aliyenyamazishwa, hapo fedha yetu haikupotea. Asipoweza, tumfundishe kwa kutangulia sisi wenyewe kubisha hodi katika mlango huo.