Moto wa Kuomba

Enzi za nyumba za msonge, mtoto wa Nyakisasa, wilayani Ngara, alitumwa kwa jirani na kigae mkononi kuomba moto. Alirudi na kaa jekundu, akilipuliza njiani lisizimike. Jirani hakupungukiwa na kitu. Lakini cheche ikirukia nyasi za paa, nani alaumiwe?

Swali hilo limerudi kwa mlango mwingine. Mwenye duka akilipwa kwa simu leo, huenda ujumbe wake umepitia kijiprogramu kisicho na makazi: kinaamshwa, kinafanya kazi kitambo kidogo, kinatoweka. Huduma hii huitwa “bila seva”, jina la uongo kidogo, maana seva zipo, ila ni za wenyewe. Amazon ilitangaza ya kwake, Lambda, mwaka 2014. Humo kijiprogramu kikiamshwa hakipewi zaidi ya dakika 15. Mpita njia wa namna hiyo habebi vyombo, huazima moduli, yaani vipande vya programu vya wengine: ya kusoma tarehe, ya kukagua namba, ya kufunga siri. Mwaka 2018 Amazon ikaongeza matabaka, yaani moduli inawekwa mahali pamoja na vijiprogramu vingi vinaichota.

Wanazuoni wa Kiislamu walilichambua suala la kuazima karne nyingi kabla ya kompyuta. Mtume alipotaka deraya za Safwan bin Umayya kwa vita vya Hunayn, Safwan aliuliza kama ananyang'anywa. Akaambiwa ni azima yenye dhamana. Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani ya Waswahili, wakashika hapo: kitu kikipotea mkononi mwa mwazimaji, atalipa hata kama hakuzembea. Mahanafi wakasema ni amana, asiyezembea halipi.

Wote walihofia deraya kuharibika. Moduli haiharibiki kwa kuazimwa. Yenyewe ndiyo huweza kuharibu. Ndiyo maana leseni ya MIT, inayotumika sana kutolea moduli, humwondolea mtoaji kila dhamana: chukua kilivyo. Ni haki, kwa kuwa katoa bure.

Machi 2016 mwandishi wa programu, Azer Koçulu, aligombana na npm, ghala la moduli, juu ya jina la moduli yake moja, akaondoa kazi zake zote. Mojawapo ilikuwa left-pad, mistari 11 ya kujaza nafasi kushoto mwa maandishi. Miradi mingi ulimwenguni iliyoitegemea ikakwama, na npm ikairudisha bila kumngoja. Kosa la nani? Si la aliyedai kaa lake, bali la waliojenga majiko wasiweke hata kiberiti. Mistari 11 mtu huiandika kahawa yake haijapoa.

Lambda ina utaratibu wake. Toleo la tabaka likifutwa, kijiprogramu kipya hakiwezi kuunganishwa nalo, lakini kilichokwisha kuunganishwa huendelea kulitumia. Jirani kazima jiko, moto wake unawaka kwa watu, na akigundua una kasoro hana mkono wa kuufikia. Dukani Nyakisasa simu inalia: malipo yamepokelewa.