Mkono wa Mwenye Timu: Ubakhili au Busara?



Katika safari yetu ya Bara tulikaa Ruiru siku mbili kwa shughuli za biashara. Usiku, baada ya sala ya Isha, tuliketi katika mkahawa mmoja kando ya barabara iendayo Thika, na hapo tukasikia mjadala mkali kuliko wa mahakamani. Wenye kujadiliana walikuwa watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao. Hawakuwa wakizungumza juu ya bei ya unga wala karo za skuli. Walikuwa wakimhukumu mwenye timu moja ya mpira, ambaye msimu ulikwisha na mwingine unakaribia, naye hajanunua mchezaji wa maana hata mmoja. Mmoja wao alisema: "Mtu huyu ni bahili. Fedha anazo, ila mkono wake umefungwa." Mwenziwe akamjibu: "Si bahili, bali ni mwangalifu. Wewe wataka kombe la mwaka huu, yeye anafikiri timu itakula nini mwaka ujao." Wakaachana wamenuniana, wala hapana aliyemkinaisha mwenzake.

Pengine msomaji atacheka na kusema kuwa hayo ni mambo ya mchezo. Sisi hatukucheka. Twaona kuwa chini ya suala hili la mpira liko suala kubwa la akhlaki: ni wakati gani mtu azuiaye mali huwa ni bakhili, na ni wakati gani huwa ni mwenye busara? Na ni nani mwenye haki ya kumhukumu?

Watu wa Thika na Ruiru wana sababu ya kulizungumza jambo hili kwa uchungu. Walikuwa na timu yao katika ligi kuu ya Kenya, nayo ni Thika United, ambayo kwa miaka mingi ilifadhiliwa na kampuni ya maziwa ya Brookside, yenye makao yake pale Ruiru. Mwisho wa msimu wa 2018 timu hiyo ilishuka daraja. Kushuka daraja peke yake si ushahidi wa ubakhili wa mtu yeyote, maana kila msimu hazikosi kushuka timu, hata kama wenye timu wote wangekuwa wakarimu. Lakini mji ukisha kuipoteza timu iliyobeba jina lake, watu huuliza, nao wana haki ya kuuliza: mwenye mali ana wajibu gani kwa watu waliompa mapenzi yao?

Imam Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, ameupambanua ubakhili kwa namna itufaayo hapa. Kwake yeye, si kila azuiaye mali ni bakhili, bali bakhili ni yule azuiaye pale ambapo wajibu ni kutoa. Na wajibu huo ni wa namna mbili: ule wa sharia, na ule wa murua, yaani yale ambayo mtu muungwana huona haya kuyaacha ijapokuwa hapana kadhi awezaye kumlazimisha. Kwa hiyo mtu aweza kulipa kila deni lake na bado akawa bakhili. Na aweza kukataa kutoa mara mia, naye asiwe bakhili kamwe.

Basi na tumpime mwenye timu kwa mizani hiyo. Wajibu wake wa kwanza ni kulipa mishahara kwa wakati wake, kulipa madeni, na kumtibu kijana aliyevunjika mguu katika kazi yake. Wajibu wa pili, ule wa murua, ni kuwaambia watu ukweli juu ya hali ya timu, kuutunza uwanja, na kuwapa nafasi vijana wa mji. Sasa kununua mchezaji mashuhuri kwa bei kubwa kumo katika wajibu upi? Hakumo katika wa kwanza wala katika wa pili. Hiyo ni ziada: njema ikiwa mali inatosha, na mbaya ikiwa itaula ule wajibu.

Na ziada hiyo imewahi kuula wajibu mara nyingi. Kule Uingereza, klabu ya Leeds United ilikopa na kununua wachezaji kwa matumaini ya mapato yajayo. Mwaka 2001 ilifika nusu fainali ya kombe la klabu bingwa za Ulaya. Mwaka 2004 ilishuka daraja, ikiwa imeelemewa na madeni. Portsmouth ilichukua kombe la FA mwaka 2008, na mwaka 2010 ikawekwa chini ya wasimamizi wa kufilisi. Ajabu ya kisa hiki cha pili ni kuwa, kwa kanuni za mpira wa huko, wachezaji na klabu nyingine walitangulizwa katika kulipwa, na wadai wadogo wakabaki nyuma. Na mmoja wao alikuwa chama cha St John Ambulance, kinachotoa huduma ya kwanza uwanjani. Mashabiki waliokuwa wakishangilia kombe lile hawakujua kuwa sehemu ya furaha yao imekopwa kwa watu wanaobeba majeruhi. Je, mkono uliotoa vile twaweza kuuita mkarimu? Mtu hawi karimu kwa mali ya mwenziwe.

Kwa upande wa pili iko Arsenal, ambayo wafuasi wake katika Kenya ni wengi sana. Klabu hiyo ilihamia mwaka 2006 katika uwanja mpya wa watu wapatao 60,000, na kwa sababu ya gharama za uwanja huo ikabana matumizi. Tangu kombe la FA la 2005 haikupata kombe kubwa mpaka 2014. Miaka tisa mashabiki walilalamika, lakini klabu haikufilisika. Na karibu yetu, pale Dar es Salaam, jamaa wa Bakhresa wenye klabu ya Azam waliijengea uwanja wake Chamazi, nayo ikautwaa ubingwa wa Tanzania msimu wa 2013/14. Huku ni kutoa kunakobakisha kitu.

Hata hivyo hatutaki kumwachia mwenye timu njia nyepesi, maana neno "uangalifu" nalo laweza kuwa kanzu jeupe juu ya mwili mchafu. Nahodha apunguzaye tanga wakati wa dhoruba hasemwi kuwa mwoga. Lakini nahodha aliyekwisha kupokea nauli, kisha akakiacha chombo kwenye nanga msimu mzima, huyo amewadhulumu abiria, hata akisema mara ngapi kuwa bahari ni mbaya. Mwenye timu apokeaye viingilio, auzaye wachezaji wazuri kila mwaka, na asiyeonyesha fedha hizo zimekwenda wapi, hana haki ya kujisifu kwa busara. Alama ya uangalifu wa kweli ni kuwa kilichozuiliwa leo kina kazi ya kesho inayojulikana. Kisichokuwa na kazi ila kumnenepesha mwenyewe, hicho ni ubakhili, kiitwe kwa jina lolote.

Liko na jambo la tatu: fedha zenyewe zatoka wapi? Mwezi wa Agosti 2019, kampuni ya kamari ya SportPesa, baada ya kugombana na serikali juu ya leseni na kodi, iliacha kufadhili mpira wa Kenya, na klabu kubwa kama Gor Mahia na AFC Leopards zikataabika. Wengi waliikumbuka kampuni ile kwa ukarimu wake. Lakini fedha zile zilitoka katika mifuko ya vijana waliokuwa wakishindwa kila juma. Mwenye kudai kuwa timu itumie zaidi, na aulize pia ni nani atakayelipa.

Basi mashabiki wana haki gani? Wana haki ya kuambiwa ukweli, wana haki ya kuona wachezaji wao wanalipwa, na wana haki ya kusema waziwazi hayo yasipotendeka. Hawana haki ya kuahidiwa ushindi. Wala hawana haki ya kumwita mtu mwizi au bahili kwa dhana tu, kwa sababu timu ilifungwa jana.

Mwisho, twataka kuwauliza ndugu zetu wa mwambao, maana ni rahisi kumhukumu tajiri wa Ruiru. Ni wangapi miongoni mwetu waliofanya harusi ya mikopo ili watu wasiseme "fulani bahili", kisha mwaka mzima mtumishi wa nyumbani akadai mshahara wake kwa kulia? Tuliogopa maneno ya wageni wa siku moja, hatukuogopa dhulma ya kila mwezi. Mwenye timu anunuaye mchezaji kwa deni ili kuwanyamazisha mashabiki ni ndugu yetu katika kosa hilo. Na yule avumiliaye kutukanwa, akalipa kila mtu haki yake kwanza, pengine amefanya tendo la ushujaa ambalo hapana kombe litakalotolewa kwa ajili yake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.