Siku ya Arobaini



Mtoto ananing'inia kwenye mizani ya kliniki. Nesi anasoma: uzito umeongezeka, vizuri. Mama yake amekaa kwenye benchi, maziwa yamelowanisha gauni, macho yako sakafuni. Ukimsalimu, anaitika "nzuri" kabla hujamaliza. Hakuna aliyemuuliza kama analala.

Kule Moshi, kuanzia 2014, watafiti waliwafuatilia wajawazito zaidi ya 1,000, wakazungumza nao tena siku arobaini hivi baada ya kujifungua. Waliopigwa, kutukanwa au kuingiliwa kwa nguvu na wenzi wao wakati wa ujauzito walikuwa na uwezekano zaidi ya mara tatu wa kuonyesha dalili za sonona. Na matusi na vitisho, haya tunayoyaita maneno tu ya nyumbani, yalihusishwa nayo kwa nguvu kubwa. Hilo liliniuma sana.

Bado mama kama yule wa kliniki tunasema anadeka. Au amerogwa.

Mama mkwe, wewe uliyempikia mke wa mwanao uji na kumkanda kwa maji ya moto, unaona mengi kuliko daktari. Leo mbebe mjukuu mgongoni, kisha mumewe akishatoka, muulize taratibu: mwanangu, una amani humu ndani? Akinyamaza, kaa naye. Akisema anapigwa, hata kama anayempiga ni mwanao wa kumzaa, mwamini. Msindikize kliniki, mfike na polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.