Sikio Lililopita Kichwa

Sikio alilotengenezewa mpwa wangu halisikii. Naanzia hapo kwa sababu ndipo watu wengi hunikatiza ninapoeleza habari yake. "Kwani si alifanyiwa upasuaji?" Alifanyiwa. Aliingizwa chumba cha upasuaji asubuhi akatoka jua likiwa limeinama. Alitolewa gegedu mbavuni, likachongwa na kushonwa hadi likapata mikunjo ya sikio, kisha likaingizwa chini ya ngozi, upande wa kulia wa kichwa chake. Sasa ukimtazama, ana masikio mawili. Lakini tundu la kupitisha sauti upande ule halikuwepo tangu azaliwe, na bado halipo. Kinachomsaidia kusikia upande huo ni kifaa kidogo anachokivaa kwa mkanda kichwani, kinachotikisa mfupa wa fuvu na kufikisha mtikisiko kwenye sikio la ndani, ambalo kwake ni zima. Kifaa hicho alikuwa nacho kabla ya upasuaji na ndicho anacho leo.

Kwa hivyo swali ni hili, na limenikaa kooni miezi mingi. Ni haki kumkata mtoto mwenye afya ili watu wengine waache kumkodolea macho?

Hali aliyozaliwa nayo inaitwa mikrotia, neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya sikio dogo tu, hakuna zaidi. Mara nyingi huwa upande mmoja, na upande wa kulia ndio hupatikana zaidi. Lake lilikuwa kinyama kilichojikunja, mfano wa korosho. Mara nyingi hakuna ajuaye kwa nini mtoto fulani amezaliwa hivyo, lakini mtaani sababu haikosekani. Kuna waliosema dada yangu alimcheka mlemavu akiwa na mimba. Walisema kwa sauti ya chini, ya kanisani, ile inayohakikisha mhusika anasikia. Kiswahili kina msemo kwa ajili ya hao: hujafa hujaumbika. Ninaupenda msemo huo kwa sababu hausemi kwamba mwenye dosari ni mzuri pia, wala hausemi tumwonee huruma. Unasema tu kwamba umbo lako wewe unayecheka halijakamilika, kazi bado inaendelea, usijisahau.

Msemo mwingine unasema sikio halipiti kichwa. Kwa mpwa wangu lilipita. Shuleni kwake alikuwa mtoto anayejua hesabu, anayedaka mpira vizuri kuliko wa gredi ya juu yake, mwongo kidogo, mwenye madeni ya mandazi kwa nusu ya darasa. Yote hayo yalikuja baadaye, ukishamzoea. Kwanza lilikuja sikio. Mgeni akiingia nyumbani, macho yake yalitua pale, yakaruka, yakarudi. Na mtoto aliyahesabu. Watu wazima hudhani mtoto haoni akitazamwa.

Dada alipoanza kutafuta pesa, kampuni ya bima ilimjibu kwamba upasuaji huo ni wa urembo na hivyo haulipiwi. Neno hilo, urembo, lilimuudhi kuliko kukataliwa kwenyewe. Tukafungua kikundi cha WhatsApp, kama kawaida yetu Wakenya, harambee ya kwenye simu. Binamu yetu mmoja akaandika rasimu ya ujumbe: tumsaidie kijana wetu apate kusikia. Ingeleta pesa, hilo sote tulijua. Dada akaikataa. Akaandika mwenyewe kwamba sikio hilo litakuwa la kuonekana, halitamwongezea kusikia hata kidogo, na anayetaka kuchangia achangie akijua. Kikundi kikapoa kwa siku mbili nzima. Mzee mmoja aliyekuwa ameahidi pesa nzuri alituma thuluthi yake, na ujumbe wa M-Pesa haukuwa na maelezo.

Simlaumu mzee. Alikuwa anafuata hesabu ambayo wengi wetu tunaifuata bila kuiandika: kusikia ni hitaji, sura ni anasa. Lakini hebu tuikague hesabu hiyo. Mwaka 2020, tulipoambiwa wote tuvae barakoa, mtoto huyu akiwa hajafika hata darasa la kwanza, mama yake alilazimika kumshonea kamba za kufunga nyuma ya kichwa, maana barakoa za kawaida hazikuwa na pa kuning'inia. Miwani ni vivyo hivyo. Hayo ni matumizi ya sikio ambayo hakuna anayeyakumbuka hadi lisiwepo. Na hata tukiyaweka kando, nani alitwambia kwamba sura ni anasa? Mtu akipoteza meno ya mbele, anaweza kula wali na maharage bila shida. Mbona basi anacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, na mbona hakuna anayemwambia kwamba meno ya bandia ni majivuno? Uso ndio mlango ambao watu wengine wanaingilia kwako. Mlango ukiwa na kasoro, wengi huishia hapo hapo kizingitini wakijadili mlango.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalum, hakukubaliana nami. Alisema, "Nyinyi mmemkata anayetazamwa. Wanaotazama je? Hao mmewaacha na macho yao." Alisema pia kwamba kila mtoto anayerekebishwa anamwacha yule asiyeweza kurekebishwa peke yake zaidi. Hoja nzito, na sikupata jibu palepale. Sidhani nina jibu kamili hata sasa. Ni kweli kwamba tungekuwa na shule na magari ya abiria na makanisa ambayo sikio dogo halimshtui mtu, huenda kisu hiki kisingehitajika. Lakini mtoto anaenda shule Jumatatu. Kumwambia avumilie hadi jamii ielimike ni kumwandikisha jeshini kabla hajafikisha miaka kumi, apigane vita vyetu sisi watu wazima kwa uso wake. Vita ni vya haki, sawa. Bado si haki kumtanguliza mtoto. Mtu mzima akiamua kutembea na sikio lake dogo, kichwa juu, nitamvulia kofia. Uamuzi huo una thamani kwa sababu ni wake.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo uliko. Sisi si wageni wa kukata watoto. Nyanya yetu, aliyezaliwa Bomet, alitogwa masikio akiwa msichana, na ndewe zake zikavutwa kidogo kidogo kwa vijiti vinavyozidi kunenepa hadi zikakaribia mabega. Huo ndio ulikuwa uzuri, na ndio ulikuwa utambulisho. Baadaye wapo wa rika lake waliokwenda kushonwa ndewe hizo hizo, kwa sababu ulimwengu wa shule na kanisa na ofisi ulikuwa umebadilisha maana ya sikio zuri. Sikio moja, likakatwa ili mtu akubalike, likashonwa ili mtu huyo huyo akubalike tena. Nikifikiria hilo, ninaingiwa na wasiwasi juu ya upasuaji wa mpwa wangu, maana na sisi tulitaka akubalike. Na ukeketaji nao ulitetewa kwa neno hilo hilo, kukubalika, mpaka Kenya ikatunga sheria ya kuupiga marufuku mwaka 2011, na bado kuna wanaoutetea kwa siri.

Tofauti ni nini basi? Sio kwamba huku kuna daktari na kule kuna mila. Ukeketaji unaofanywa na daktari ni ukeketaji vilevile. Tofauti moja ni kile kinachochukuliwa. Msichana anaondolewa kitu ambacho hatarudishiwa, na anaweza kuishi na madhara yake hadi uzeeni. Mpwa wangu alipoteza kipande cha gegedu, akabaki na kovu kifuani. Si bure, lakini mizani haifanani. Tofauti ya pili naiona kubwa zaidi: je, mtoto angesema hapana, angesikizwa? Maana ndiyo ya mtoto haina uzito wowote mahali ambapo hapana yake ingepuuzwa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu, na Sheria ya Watoto ya 2022 inataka apewe nafasi ya kutoa maoni kulingana na umri na upevu wake. Maneno mazuri. Nyumbani mwetu wengi, maoni ya mtoto ni yale yanayofanana na ya baba yake.

Kuna jambo la kitabibu ambalo limewasaidia watoto hawa bila kukusudia. Njia ya kutumia gegedu la mbavu, ambayo mpasuaji Mmarekani Radford Tanzer aliieleza mwaka 1959 na wengine wakaiboresha, inahitaji mbavu zilizokomaa kiasi cha kutoa gegedu la kutosha. Wapasuaji wengine huanza mtoto akiwa na miaka sita hivi. Wengine hungoja hadi miaka kumi na kifua chenye mzunguko wa sentimita 60. Kuna njia ya kutumia kiunzi cha plastiki maalum, ambayo inaweza kufanywa mapema zaidi, na wazazi wengi huipenda kwa sababu hiyo, mtoto aanze shule akiwa "tayari". Mimi nafurahi kwamba mbavu za mpwa wangu zilichelewa. Zilimpa muda wa kupata maneno.

Daktari alimuuliza yeye, sio mama yake. "Wewe mwenyewe unataka?" Nilikuwepo. Mtoto akamtazama mama, daktari akamwambia asimtazame mama. Akafikiri, akasema: "Nataka wasiniulize."

Hakusema anataka kuwa mzuri. Hakusema anataka kufanana na wengine, ingawa labda ni kitu kimoja. Alitaka kupumzika. Watoto wenzake, makondakta, shangazi wa mbali, mhudumu wa duka, wote walikuwa na swali lile lile, na alikuwa amelijibu tangu alipoweza kuongea. Sijui kama bima yoyote duniani ina kisanduku cha kuweka alama mbele ya hitaji la namna hiyo.

Kupona kwenyewe hakukuwa jinsi tulivyodhani. Sote tulikuwa tunalindalinda kichwa, yeye akalia kifua. "Anko, sikio haliumi. Ni hapa kwa mbavu." Kucheka kulimuuma, kukohoa kulimuuma zaidi, na kupiga chafya ilikuwa balaa. Tulipigwa marufuku ya kumchekesha, sheria ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeivunja. Kwenye sikio kulikuwa na mirija miwili myembamba inayonyonya damu na majimaji ili ngozi ishikamane na gegedu na mikunjo ionekane. Muuguzi aliikagua usiku na mchana. Baada ya hapo, wiki kadhaa za kutolalia upande wa kulia, kutoguswa, na kutocheza mpira, ambayo kwake ndiyo ilikuwa adhabu halisi. Dada alilala kitini kando ya kitanda akimgeuza kila alipojaribu kujilaza kulia. Bandeji zilipotolewa, sikio lilikuwa limevimba na kubadilika rangi, na niliona uso wa dada yangu ukijizuia. Uvimbe hushuka polepole. Mtoto alijitazama kwenye kioo cha simu, akasema "sawa," akauliza chakula.

Na shuleni waliuliza. Waliuliza kuliko zamani. Bandeji ni swali kubwa kuliko sikio.

Kilichonisimamisha ni jambo lililotokea wiki ya tatu. Dada alikuwa ameanza kupunguza picha za zamani kwenye simu yake na zile mbili za sebuleni. Hakutangaza, alifanya tu, kwa nia njema, kama anayeondoa dawa mezani mgonjwa akishapona. Mtoto akaona ukuta. Akauliza picha ya siku ya kuzaliwa iko wapi. Mama akamwambia watapiga mpya, nzuri zaidi. Akasema, "Lakini hiyo ni mimi." Hakupaza sauti. Picha ilirudishwa jioni hiyo, na iko pale hadi leo, kijana wa miaka sita, upande wa kulia kuelekea kamera, keki mdomoni.

Nimelifikiria neno lile mara nyingi. Sisi tulikuwa tunazungumza kana kwamba upasuaji umemtoa mtoto mmoja na kumleta mwingine, aliyekuwa amecheleweshwa njiani kwa miaka kumi. Yeye alikuwa mmoja tu wakati wote. Alitaka watu wa nje waache kumuuliza. Hakuwa ametwambia sisi wa ndani tumsahau. Ninaona kwamba hapo hoja ya rafiki yangu mwalimu inarudi kwa mlango wa nyuma, na nguvu zaidi: unaweza kumkubali mtoto kwa njia ambayo inamkana yule aliyekuwa jana. Kisu kilipita salama, lakini ufutaji ulikuwa umeanza nyumbani, kwa kidole, kwenye kioo cha simu.

Bado kuna upasuaji wa pili, wa kuliinua sikio kutoka kichwani ili liwe na nafasi nyuma yake, kwa kutumia ngozi itakayotolewa sehemu nyingine ya mwili. Kwa kawaida hufanywa miezi sita hivi baada ya ule wa kwanza. Miezi hiyo imepita. Daktari alimuuliza tena, mama yake akiwa kimya pembeni, na safari hii mtoto alisema bado. Kuna mashindano ya mpira muhula huu na yeye ndiye kipa. Pesa ziko tayari kwenye akaunti, na kwenye kikundi cha WhatsApp watu wameanza kuuliza mbona hatusongi mbele. Binamu yetu anasema mtoto hajui anachokataa. Dada hajapanga tarehe.