Mama Aliyekuwa Mwalimu ni wa Nani?

Katika misiba ya Dar es Salaam hufika saa ambayo vilio hutulia na mtu mmoja husimama na karatasi, akasoma wasifu wa marehemu. Kuzaliwa, masomo, kazi, ndoa, kuugua, kufariki. Mwishoni huja maneno tunayoyajua sote: marehemu ameacha mume, watoto na wajukuu. Marehemu huyo akiwa ni mwanamke aliyefundisha shule ya msingi hapa Kawe kwa miaka mingi, maneno hayo ni ya kweli, ila yamewaacha watu wengi nje. Chini ya maturubai wamekaa watu wazima ambao yeye ndiye aliyewashika mkono wakaandika herufi ya kwanza. Hawakutajwa. Basi mama aliyekuwa mwalimu akifariki, ni nani hasa walioachwa, na kumbukumbu yake ni ya nani?

Mwanafalsafa Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba mtu akifa haondoki mara moja. Hubaki katika kile alichokiita Sasa, maadamu yupo hai mtu aliyemjua na anayemkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho kati ya hao, ndipo marehemu huzama katika Zamani. Hoja hii inamfaa mzazi: mtoto humtaja mama yake, humpa bintiye jina lake, na jina likavuka kizazi. Kwa mwalimu haitoshi. Anachokiacha mwalimu hakihitaji jina lake ili kiendelee. Mtoto aliyefundishwa kusoma na mwanafunzi wa mwanafunzi wake hamjui kabisa, na bado anasoma.

Kawe yenyewe inatuonyesha upande wa pili. Tanganyika Packers kilikuwa kiwanda cha kusindika nyama ya kopo. Kazi ile ilikoma zamani, lakini abiria bado wanashuka kituo cha Tanganyika Packers, na mikutano mikubwa ya dini na siasa hufanyika kwenye viwanja vyake. Jina lipo, kazi haipo. Kwa mwalimu mambo huenda kinyume: jina hufifia, kazi ikabaki. Tunaposema tunamkumbuka, tunataka kipi kati ya hivyo viwili kidumu?

Tufikirie kizazi cha walimu wanawake tunaowazika miaka hii. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakajifunza ualimu hukuhuku wakifundisha. Watu wazima nao walikuwa na madarasa yao ya kisomo. Mwaka 1986 serikali ilihesabu kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika wamebaki takribani asilimia 10. Ndani ya tarakimu ile wamo kina mama waliosimama mbele ya ubao na mimba, au wakiwa wameacha mtoto mchanga nyumbani. Tarakimu haimtaji hata mmoja wao.

Hapo mtoto aliyezaliwa na mwalimu kama huyo ana haki ya kupinga. Kwake, kuambiwa kwamba mama anaishi katika kazi yake si faraja. Anachokitaka ni sauti yake, kikohozi chake chumba cha pili, namna alivyoonja mchuzi kiganjani. Tena yeye alilipa gharama ambayo wanafunzi hawakuiona: mama alirudi sauti imekauka, na madaftari ya watoto wa watu yakasahihishwa kabla yeye hajaulizwa siku yake ilikwendaje. Kumwambia mtoto huyu kwamba mama yake alikuwa wa wote ni kumnyang'anya mama mara ya pili.

Pingamizi hili ni la haki, na ndilo linalotufikisha kwenye jibu. Kumbukumbu haigawanywi kama shamba la mirathi, ambamo fungu la mmoja likizidi la mwenzake hupungua. Mfiwa akiambiwa na mtu asiyemjua, "Mama yako alinikuta nimejificha nyuma ya darasa, akanileta mbele," hapungukiwi na mama, anaongezewa. Mwanafunzi naye akisikia kwamba mwalimu wake mkali alikuwa halali mpaka usiku wa manane, anaanza kumjua upya. Kila mmoja alimwona upande mmoja. Hakuna aliyemwona mzima, na hakuna anayeweza kumkumbuka mzima peke yake.

Pwani yetu ina ushahidi wa siku nyingi. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi wa wosia. Alikuwa akisema na mtoto mmoja. Wosia ule ukakaririwa na mabinti wengi ambao hakuwazaa, naye akawa mwalimu wao. Binti yake hakupoteza kitu kwa hilo. Bila yeye, utenzi usingetungwa.

Kwa hiyo deni letu kwa mama mwalimu ni la namna mbili. Familia inadaiwa ukweli wa maisha yake, pamoja na uchovu wake, hasira zake na ndoto alizoziweka kando. Wanafunzi wanadaiwa kurudi na kusema walichopewa. Wengi wetu hatusemi. Tunakutana naye hapa Kawe, mtaa wa Ukwamani, amestaafu, tunamwamkia shikamoo, tunapita, tukiziweka shukrani zetu kwa ajili ya siku ya rambirambi. Shukrani inayosubiri msiba humfikia kila mtu isipokuwa mwenyewe. Tena marehemu hawezi kukanusha tunachokisema juu yake, hata tukimsingizia wema ambao hakuwa nao. Walimu wengi wa kizazi kile bado wako hai. Kumbukumbu yao na ianze wangali nasi, tuwaambie walivyotufanya, nao watusahihishe pale tunapokosea.